Mnyamwezi wa Nzega nimegeuka mtafuta mababu wa watu huku Marekani. Uzi mrefu, njoo na kahawa

Mzee wa Zamu:

Wakuu, salaam.

Mimi ni Mnyamwezi wa kweli, wa Nzega, naishi Unyamwezini, yaani Cleveland, Ohio. Kazi yangu mnaijua: kulea wazee. Kuna bibi mmoja wa Kizungu ninamhudumia zamu ya usiku, mwaka wa nne huu. Yeye usingizi hana, mimi siruhusiwi kulala, basi tunapiga soga hadi alfajiri. Kuhusu kwao alikuwa na mambo mawili tu: kwamba wao ni Waslovaki, na kwamba bibi yake alivuka bahari na watoto wawili na mto mkubwa wa manyoya ya bata bukini. Kijiji hakijui. Meli haijui. Mwaka ni "kabla ya vita, ile ya kwanza."

Nyumbani kwangu nako kulikuwa na jambo. Mke wangu ni Mmarekani mweusi, mama yake alizaliwa Alabama akaletwa Cleveland akiwa bado anabebwa. Binti yetu yuko darasa la tano. Siku moja karudi na kazi ya shule: chora mti wa ukoo wenu mpaka kwa mtu wa kwanza kufika Marekani, andika alitoka nchi gani na alikuja kutafuta nini. Mwalimu hakuwa na nia mbaya, nchi yenyewe inajiita nchi ya wahamiaji. Mama mkwe akaisoma ile karatasi, akavua miwani, akaiweka mezani taratibu.

"Mwandikie alikuja kutafuta pamba."

Basi nikajikuta nasaka mababu wa wanawake wawili wanaokaa vituo sita vya basi kutoka mmoja hadi mwingine. Nilidhani ni kazi moja. Nashusha uzi kidogo kidogo, nikipata mapumziko.

KijanaWaTandale:

Nimekaa paleee. Usitupe arosto tu mkuu.

Mtaalamu Uchwara:

Nasikia harufu ya chai. Mbeba boksi na nyaraka za miaka ya 1900 wapi na wapi?

Mzee wa Zamu:

Mtaalamu, ingekuwa chai ningeitia sukari. Twende.

Kosa langu la kwanza: nilichukua jina la ukoo la bibi nikaenda moja kwa moja kutafuta meli. Nikapata watu mia nne na zaidi. Usifanye hivyo. Unaanza na aliye hai, unarudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata nyayo za ng'ombe aliyeibwa. Ukiruka hatua moja unaishia kwenye zizi la mtu asiyehusika, na mwenyewe utajiona umefika.

Marekani wanahesabu watu kila baada ya miaka 10, na majina yanafungiwa miaka 72. Sensa ya 1950 ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, unaisoma bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa lao. Bibi nilimkuta humo ana miaka 13. Nikamwonyesha kwenye tableti saa tisa usiku. Akaligusa jina lake kwa kidole, picha ikakua ghafla, akashtuka akarudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Halafu akasema yule karani ana mwandiko mzuri kuliko mwalimu wake wa shule.

1940 yumo, miaka 3. Kwenye sensa ya 1940 mtafute alama ndogo ya X ndani ya duara, iko kando ya jina la mtu aliyejibu maswali mlangoni. Kwao alijibu mama. Sensa nyingine haziwekewi alama hiyo, na hapo ndipo penye mtego: huenda alijibu jirani, huenda mtoto aliyefungua mlango. Bibi mkubwa, huyo mwenye mto wa manyoya, sensa ya 1910 inasema alifika 1909, ya 1920 inasema 1908, ya 1930 inasema 1910. Mtu ni huyohuyo.

Nchi nayo inahama. 1910 wameandikwa watu wa Hungaria, lugha Kislovaki. 1920 wameandikwa watu wa Chekoslovakia. Hakuna aliyehamisha hata kitanda. Ni ufalme ule wa Austria na Hungaria uliovunjika 1918, na karani wa Ohio anaandika ramani ya mwaka wake.

Sasa uraia. Kabla ya 1906 kila mahakama iliandika inavyojisikia, wakati mwingine ni jina tu na kiapo cha kumkana mfalme fulani. Sheria ya 1906 ikaleta fomu moja nchi nzima: ulizaliwa wapi, lini, umekuja na meli gani, umetua siku gani, mke, watoto. Hilo ndilo jalada la kulitafuta.

Na hapa ndipo bahati ilipotuangukia. Zamani mke wa mhamiaji alipata uraia mgongoni kwa mume, yeye mwenyewe hakuwa na jalada. Septemba 1922 sheria ikabadilika, mwanamke aliyeolewa akatakiwa kuomba kwa jina lake. Babu, mume wa huyo bibi mkubwa, aliapa 1924. Angewahi miaka mitatu tu, mkewe asingeacha karatasi yoyote ya uraia. Lakini mzee alichelewachelewa, ikabidi mkewe naye apange foleni yake mwenyewe 1931. Na kwenye fomu yake kuna jina la meli, bandari ya Bremen, na tarehe ya kutua New York: Novemba 1909.

MamaKe Wawili:

Kumbe uzembe wa mwanaume ndio umeokoa historia. Naandika mahali.

KijanaWaTandale:

Bremen si wanayo orodha ya walioondoka? Wajerumani na makaratasi ni ndugu.

Mzee wa Zamu:

Hamburg wanayo, ya 1850 mpaka 1934, safi kabisa. Bremen za zamani nyingi ziliharibiwa na maofisa wao wenyewe kwa sababu ya kukosa nafasi ya kuhifadhi, na nyingi za baadaye zikapotea kwenye Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo tulibaki na upande wa New York.

Orodha ya abiria ya Ellis Island, kile kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji. Natafuta jina, hamna. Kumbe karani wa kampuni ya meli aliandika kwa tahajia ya Kihungaria, hata jina la kwanza: Alžbeta wa nyumbani kawa Erzsébet. Na aliyenakili kwenye mtandao miaka mia baadaye kasoma herufi ya kwanza ya ukoo kuwa R badala ya K. Nikaachana na jina. Nikatafuta siku na meli, nikawa nafungua picha moja moja, ukurasa kwa ukurasa. Usiku wa tatu nikawakuta: mama, miaka 29, wavulana wawili, 6 na 4. Yule wa 6 ndiye baba wa bibi yangu.

Mstari mmoja una safu 29, unavuka kurasa mbili. Una pesa kiasi gani (alikuwa na dola 14). Unaenda kwa nani. Nani umemwacha nyumbani na kijiji gani. Hapo ndipo kijiji kilipopatikana, kwa jina la Kihungaria ambalo kwenye ramani ya leo halipo, kama vile Kassa leo ni Košice. Urefu wako, rangi ya macho. Umewahi kufungwa? Wewe ni mtu wa kupinga serikali zote? Una ndoa ya mitala?

KijanaWaTandale:

Ngoja kwanza. Mitala?? Wazee wetu si wangerudishwa na meli ileile.

Mzee wa Zamu:

Wenye mitala walipigwa marufuku tangu sheria ya 1891. Babu yangu mwenye wake watatu asingekanyaga nchi kavu.

Endelea. Kando ya jina la mama kuna X imeandikwa kwa wino. Nilidhani ni uchafu. Baadaye nikajua X maana yake amezuiliwa. Ukiona X, usiondoke, nenda mwisho kabisa wa orodha ya meli hiyo, kuna kurasa za waliozuiliwa. Mwanamke mwenye watoto asiye na mwanaume hakuachiwa kuondoka peke yake, alisubiri mume aje au atume simu ya maandishi na nauli. Nikaenda mwisho, nikamkuta. Sababu: anamsubiri mume. Na kulia kabisa mwa ukurasa kuna safu tatu nyembamba: vyakula vya asubuhi, vya mchana, vya jioni. Kwa mama na watoto wake: 6, 9, 6.

Nilikaa nikizitazama hizo tarakimu. Watu watatu. Asubuhi mbili, mchana mara tatu, jioni mbili. Kwa hiyo walikaa pale usiku mbili, wakaondoka siku ya tatu baada ya chakula cha mchana. Hakuna barua wala picha ya siku zile kwenye ukoo mzima, lakini sahani zao zimehesabiwa.

Bibi akaniuliza nani alilipa. Nikamwambia zilihesabiwa kwa sababu kampuni ya meli ndiyo ilidaiwa. Akacheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. "Safi sana," akasema. "Nauli yenyewe ilimla babu ng'ombe."

Kuanzia hapo nimekuwa na swali moja ninaloiuliza kila karatasi: huyu aliyeandika alikuwa anatafuta nini? Maana hakuandika kwa ajili yetu. Sahani ziliandikwa kwa ajili ya bili. Hata kando ya jina la mama kuna namba iliyoongezwa kwa mwandiko wa mtu mwingine, nayo ni ya yule karani wa 1931 aliyerudi kuhakiki kama kweli mama alitua siku aliyosema.

Mtaalamu Uchwara:

Sawa nimeondoa neno chai. Lakini mbona umesema majina hayakubadilishwa pale Ellis Island? Kila Mzungu hapa kazini kwetu anasema babu yake alibadilishiwa jina na afisa asiyejua kusoma.

Mzee wa Zamu:

Sikusema bado, ila umenichokoza. Hadithi hiyo wanaipenda sana, ila haina mashiko. Afisa wa pale hakuwa na kazi ya kuandika majina, alikuwa na orodha tayari, imeandikwa na watu wa meli kule bandarini Ulaya, yeye anaweka alama tu. Na wakalimani walikuwepo. Mmoja wao miaka hiyo ya 1907 hadi 1910 ni Fiorello La Guardia, baadaye akawa meya wa New York. Majina yalibadilishwa baadaye, na wenyewe, kwa sababu zao: msimamizi wa kiwanda kashindwa kutamka, mtoto anachekwa shuleni, mtu ana deni alikotoka. Kováč kwa Kislovaki ni mhunzi, kwa hiyo ukimkuta Kovach kwenye sensa moja na Smith kwenye inayofuata, mke yuleyule na watoto walewale, hapo amejitafsiri mwenyewe.

Pwani ya Magharibi:

Niko San Francisco, niongeze kidogo. Huku kituo kilikuwa Angel Island, 1910 hadi 1940, na kwa Wachina mambo yalikuwa magumu mara kumi, maana tangu 1882 kulikuwa na sheria ya kuwazuia. Tetemeko la 1906 na moto wake viliunguza vyeti vya kuzaliwa vya mji, Wachina wengi wakasema basi sisi tulizaliwa hapa, cheti kimeungua. Akishakubaliwa anasema ana wana China, na wana wengine ni wa karatasi tu, wamenunua nafasi. Serikali ikajua, ikawa inawahoji siku nzima: nyumba yenu ina ngazi ngapi, pipa la mchele liko upande gani, jirani wa safu ya pili anaitwaje. Leo wajukuu wanayasoma mahojiano hayo wanapata ramani ya kijiji kizima. Shida ni kwamba mengine ni kijiji cha mtu mwingine, kimekaririwa kwenye meli.

Mzee wa Zamu:

Asante sana, hiki ndicho nilichokuwa nakitafutia maneno. Aliyekushuku sana ndiye aliyekuandika sana.

Sasa Alabama. Hapa nitaenda polepole.

Mama mkwe alizaliwa 1949 kaunti ya Dallas. Sio Dallas ya Texas, hii makao yake ni Selma, ile Selma ya maandamano ya weusi kudai haki ya kura, 1965. Sensa ya 1950 anahesabiwa kwa miezi. 1940, 1930, 1920, 1910, 1900: mpaka hapo safari haina tofauti na ya bibi. Sensa ya 1900 ina safu mbili kwa wanawake: umezaa wangapi, wangapi wako hai. Mama wa babu yake: 11, 5. Sikumsomea kwa sauti, nilimwonyesha kwa kidole. Alikaa kimya kidogo, akasema alisimuliwa habari za watatu, walizikwa nyuma ya kanisa, hawana mawe.

1890 hakuna. Iliungua Washington Januari 1921, iliyobaki ililowa maji ya kuzimia moto, baadaye wakaitupa. Hilo shimo ni la wote, weusi na weupe. Unaruka hadi 1880, na hapo wanauliza na mzazi alizaliwa wapi. Babu wa babu yake mama mkwe, yaani yeye mama ni kilembwe wake: kazaliwa Virginia. Baba yake Virginia. Mama yake Virginia. Shikeni hilo, tutalirudia.

1870 yumo, miaka 32, mkulima, mke, watoto wanne, hajui kusoma. Baada ya hapo, ukuta. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliokuwa watumwa. Za 1850 na 1860 zilikuwa na orodha ya pembeni: juu jina la mwenye mali, chini yake mistari. Mwanamume, 22, mweusi. Mwanamke, 19, mweusi. Mtoto wa kike, miezi 6. Majina hamna. Nilipofungua ukurasa ule mara ya kwanza nilikuwa kazini, bibi amelala kweli siku hiyo, nikaifunga tableti nikaenda kukunja taulo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Basi linarudi lile swali: nani alikuwa anaandika, anatafuta nini? Karani wa sensa alitaka idadi. Lakini mwenye shamba akifa, warithi wanataka kugawana, na huwezi kugawana bila kutaja. Kwa hiyo unatafuta mirathi ya Mzungu. Unaanza kwa kukisia mwenye mali ni nani, na msidhani ni mwenye jina sawa la ukoo, wengi walijichukulia jina la mmiliki wa zamani zaidi au jina walilolipenda tu. Mimi nilitazama majirani wa 1870. Nyumba mbili kutoka kwake anakaa mjane wa Kizungu mwenye ardhi kubwa. Marehemu mume alikufa 1857. Nikaandika barua mahakama ya kaunti, nikalipia nakala, nikasubiri miezi miwili.

Bahasha ilikuja na kurasa saba. Ukurasa wa nne: nyumbu wawili, dola 240. Chini yake jina lake, la kwanza tu, miaka 19, dola 1,050. Chini yake saa ya ukutani, dola 6.

Mama mkwe aliichukua nakala ile akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akauliza saa iko wapi sasa hivi. Sikuwa na jibu, na nadhani hakuwa anataka jibu.

MamaKe Wawili:

Hapo kwenye saa nimesimama kusoma. Narudi baadaye.

KijanaWaTandale:

Lakini mkuu jina moja tu, umejuaje ni yeye? Vijana wa miaka 19 walikuwa wengi.

Mzee wa Zamu:

Swali zuri, na kwa miezi mitano jibu langu lilikuwa "ningeweka dau, lakini siapi." Kilichonifungulia ni benki.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa ukingoni, Machi 1865, bunge lilianzisha benki ya akiba kwa ajili ya watu walioachwa huru. Alabama ilikuwa na matawi Mobile, Huntsville na Montgomery. Mtu hajui kutia sahihi, hana kitambulisho, kesho akija kutoa pesa utamjuaje? Kwa hiyo karani alimuuliza maswali ambayo mwingine hawezi kujibu: ulizaliwa wapi, bwana wako alikuwa nani, baba, mama, kaka, dada. Benki yenyewe ilifilisika 1874 ikaondoka na akiba za watu, na wale wateja waliopoteza senti zao ndio leo wana daftari bora kuliko yote. Nilimkuta kaka mtu, kafungua akaunti Mobile. Bwana: yuleyule wa mirathi. Ndugu: majina manne, la pili ni la kwetu, "yuko kaunti ya Dallas." Kwenye nafasi ya mama karani kaandika: alibaki Virginia.

Maneno mawili hayo. Kati ya 1790 na 1860 watu kama milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo kama Virginia kupelekwa kusini kwenye pamba, wengine kwa miguu wamefungwa minyororo. Mama yao alikuwa na watoto watano, kwa hesabu ya daftari lile. Wawili tunajua walifikishwa Alabama.

Mtaalamu Uchwara:

DNA je? Watu wa huku Dar wanasema unatema mate kwenye kichupa unaambiwa kabila. Labda mkeo ni Mnyamwezi mwenzio.

Mzee wa Zamu:

Mke na mama yake walipima. Kampuni waliyopimia haikutoa kabila, ilitoa maeneo kwa asilimia, na asilimia zinabadilika kila wakiongeza sampuli: mwaka huu Nigeria imepanda, mwakani Mali imeshuka. Msiwe mnachora tatuu za bendera kwa ajili hiyo. Kuna fungu moja wameliita Kamerun, Kongo na Wabantu wa magharibi, na tangu siku hiyo mama mkwe ananiita binamu. Waliotua moja kwa moja Amerika Kaskazini ni kama 388,000 kati ya milioni 12.5 waliopakiwa kwenye meli Afrika, na wengi walitoka Senegambia, Biafra, Kongo na Angola. Mnyamwezi kufika huko sio njia ya kawaida.

Kitu cha maana kwenye DNA ni ile orodha ya watu mnaofanana damu. Binamu wa kwanza mnashirikiana kama sentimogani 850 (ndicho kipimo cha DNA mnayochangia), wa pili kama 230, wa tatu kama 70. Mama mkwe ana sentimogani 61 na Mzungu mmoja wa Georgia. Tulimwandikia kwa adabu. Alisoma, hakujibu. Mwingine, mama mtu mzima wa Tennessee, alijibu siku hiyohiyo na akatuma kurasa za Biblia ya familia yao. Watu hawafanani.

Sasa tulirudie lile la Virginia. Kuingiza watumwa kutoka nje kulipigwa marufuku kuanzia 1 Januari 1808. Huyu kazaliwa Virginia 1838, wazazi wote Virginia. Kwa hesabu ya vizazi, wazee wake walikuwa pale kabla nchi haijaitwa Marekani, au karibu sana na hapo. Bibi wangu wa Kislovaki wao wameingia 1909. Nilipomweleza mama mkwe alifikiri, akauliza mwalimu wa mtoto ni wa ukoo gani. Mke wangu akamtajia, jina la Kiitaliano. "Basi mgeni ni yeye," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Kaka wa Fizi:

Mkubwa, mimi ni Mbembe wa Fizi, Kongo, niko Louisville, Kentucky tangu 2016, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwetu nyumbani tuko watu 9, na 7 kwa karatasi tulizaliwa tarehe 1 Januari. Kambini waliuliza mwaka, siku hatukujua, wakatupa hiyo. Na kwetu kila mtoto anapewa jina lake, la baba hatubebi. Shuleni wanauliza mdogo wangu kama kweli sisi ni ndugu. Sasa mjukuu wangu miaka mia ijayo atatupata namna gani?

Mzee wa Zamu:

Kaka, hili limenigusa penyewe. Mimi nina majina matatu kama kawaida ya Bongo: langu, la baba, la babu. Nilipofika hapa la babu likawa la ukoo, na binti yangu analibeba. Mdogo wangu yuko Sweden, pasipoti yake ya kwanza iliandikwa mawili tu, kwa hiyo ukoo wake huko ni jina la baba. Baba mmoja mama mmoja, koo mbili kwenye karatasi. Mtu wa 2120 atafuata nyayo mpaka uwanja wa ndege halafu abaki anakuna kichwa.

Wewe na mimi tuna jalada la uhamiaji, lenye namba inayoanza na A. Majalada hayo yalianza 1944, na unaweza kuomba nakala ya lako ukiwa hai. Omba. Ulichomwambia yule ofisa wa mahojiano kambini kimo, pamoja na makosa yake. Halafu chukua daftari, andika wewe mwenyewe kila mtu alizaliwa msimu gani, wakati wa kupanda mihogo au mwaka wa mkimbio upi, na nani ni ndugu wa nani. Weka na ile 1 Januari pembeni, kwa sababu wao wataanza na hiyo.

Kazi ya shule binti aliipeleka na kurasa mbili za ziada. Kwenye kile kisanduku cha "alikuja kutafuta nini" aliandika kama bibi yake alivyosema, na mwalimu hakukisahihisha.

Nyanda wa Igunga:

Uzi mtamu. Ila mbona wa kwako hujautafuta? Umewatafutia Waslovaki mpaka sahani.

Mzee wa Zamu:

Nyanda umenishika. Baada ya kuandika hapo juu nilimpigia mama Nzega. Nikamwomba majina tu, upande wa bibi yake mzaa mama. Akanitumia sauti ya dakika kumi na nne WhatsApp, kuku wanalia nyuma. Alitaja vizuri hadi mtu wa nne, na mume wa mtu wa nne alikwenda Tanga kukata mkonge, kwa hiyo nikawa nishaanza kuwaza makaratasi ya manamba yako wapi. Kwa mtu wa tano akasita. Akasema huyo hakuwa mtu wa pale, alikuja, na alikotoka anajua shangazi wa Igunga peke yake, na kwa simu hatasema.

Shangazi ana miaka 91. Nimeomba likizo ya Desemba, msimamizi amekubali wiki tatu.

Nyanda wa Igunga:

Igunga sehemu gani? Mimi nipo hapa mjini, ukishuka stendi niambie nikupeleke na bodaboda. Na mrejesho utupe.